Ombi la Mzee Godhana

Jumamosi Levis Mangi alikuwa aende Bangale kuposa. Mjomba wake Harrison alikuwa amekubali kumsindikiza, gari lilikuwa limetafutwa, na maneno atakayomwambia baba wa mwanamke alikuwa ameyarudia kichwani mpaka yakawa kama sala. Lakini Alhamisi asubuhi mlinzi wa chuo alikuja kumwita kutoka ukumbini, na alipofika langoni akamkuta mzee mrefu wa Kiorma ameegemea fimbo, kikoi chake kimejaa vumbi la safari, anauliza kwa sauti ya upole, "Barwako binti Godhana, mwalimu, ni hapa?"

Levis hakuhitaji kuambiwa huyo ni nani. Namna ile ya kuinua kidevu kidogo kabla ya kuzungumza alikuwa akiiona kila siku kwa Barwako, na kila siku ilimchoma moyo.

"Ni hapa, Mzee," alisema. "Karibuni. Karibuni sana. Yuko ndani na wanafunzi. Mimi ni mwalimu mwenzake, Levis Mangi."

"Ah! Mangi!" Mzee alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wewe najua. Barwako anataja wewe kwa simu. Mangi amesema hivi, Mangi amefanya vile."

Moyo wa Levis uliruka. Alimtaja! Nyumbani kwao, Bangale, jina lake lilikuwa limeshafika na limepokewa vizuri. Kwa furaha hata hakumtazama sawasawa mwanamume mwembamba aliyesimama nyuma ya mzee, amembeba begani mtoto wa kike aliyelala.

"Twendeni ofisini mpumzike," akasema. "Nitamwita."

Siku ile wanafunzi wa biashara wa mwaka wa tatu walikuwa wakisimama mmoja mmoja ukumbini kueleza biashara walizozianzisha, na Barwako na Levis wakiwasikiliza na kuwapa alama. Kozi ya ujasiriamali walikuwa wamegawiwa wawili tangu Barwako alipoajiriwa katika kampasi ile ndogo ya Garsen. Yeye alifundisha nadharia, Levis vitendo. Mwanzoni waligombana. Levis aliwahi kuwaambia wanafunzi kwamba hakuna mtu aliyewahi kuuza samaki kwa nadharia. Barwako, aliyekuwa amesimama mlangoni bila yeye kujua, akauliza, "Na samaki wa wangapi wameoza kwa kukosa nadharia?" Darasa zima likaangua kicheko. Levis aligeuka akitaka kujibu, akakutana na yale macho, na jibu likampotea.

Tangu hapo alianza kukaa benchi la nyuma katika mihadhara ya Barwako. Alisema anataka masomo yao yalingane, ingawa hata kalamu hakuwa akibeba. Naye Barwako akawa anawafuata sokoni wanafunzi walipokwenda kuuza, buibui limeshika vumbi hadi magotini, akibishana na wanunuzi kana kwamba mali ni yake. Hawakuwahi kukaa mahali peke yao wawili mlango ukiwa umefungwa. Garsen ni mji mdogo, na aliyepita barabara ya Lamu asubuhi ameonekana na kila mtu kabla ya adhuhuri. Mapenzi yao yalikua kwa kutazamana juu ya vichwa vya wanafunzi, mmoja akiandika ubaoni, mwingine akijifanya anasoma.

Ofisini Levis aliwawekea wageni viti, akawapa mtindi baridi uliotengenezwa na wanafunzi wawili wa darasa lile, Zakaria na Cynthia. Mzee alionja, akaonja tena.

"Maziwa ya wapi hii?"

"Ya wafugaji wa hapa hapa, Mzee. Wanafunzi wananunua, wanagandisha, wanauza kwa vikombe. Barwako amewafundisha jinsi ya kufikiri, mimi nikawapeleka sokoni."

"Barwako amefundisha," mzee alirudia taratibu, na fahari ikaujaza uso wake wote. "Liban, umesikia?"

Mwanamume mwembamba aliitikia kwa kichwa. Hakuwa amegusa kikombe chake kwa sababu ya mtoto.

"Huyu Liban," mzee akasema. "Ana duka Bangale. Mume ya mtoto yangu mkubwa, Abdia. Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Amina," Levis alijibu kwa sauti ya chini. Habari za Abdia alikuwa anazijua. Barwako alikwenda kumzika dada yake wakati wa mvua, akarudi amekonda, na kwa muda mrefu alikuwa akikatisha mhadhara katikati na kutazama dirishani.

Mzee Godhana aliweka kikombe chini, akafuta masharubu.

"Mwalimu, Kiswahili yangu nimejifunza mnadani, kwa kuuza ng'ombe. Ukisikia nimekosa, usicheke."

"Siwezi kukucheka, Mzee."

"Basi nasema. Abdia ametuachia huyu mtoto, Bishara. Tangu mama yake ameenda, hali vizuri, halali vizuri. Mke yangu macho imekwisha, anamlea kwa kupapasa. Juzi mtoto ametoka nje, ametembea peke yake mpaka kisimani. Akina mama wamemuona, wamemshika. Kama hawakuwa pale..." Hakumalizia. Alitazama mtoto, kisha akamtazama Levis tena. "Wazee wamekaa. Wamesema Liban asitafute mke mbali. Barwako yuko. Damu ni moja. Atakuwa mama ya mtoto."

Levis alishika ukingo wa meza.

"Lakini mimi naogopa mtoto yangu." Mzee alicheka kidogo, cheko la mtu mwenye haya. "Amesoma sana. Nikisema mimi, atasema, Abba, wewe hujui mambo ya siku hizi. Lakini wewe ni mwalimu kama yeye. Maneno yako anaheshimu. Ndiyo nimefurahi nimekupata wewe kwanza. Nakuomba, nisaidie kumwambia."

Ukumbini wanafunzi walikuwa wakipiga makofi. Mtu alikuwa amemaliza kueleza biashara yake, na makofi yalidumu muda mrefu. Levis aliyasikiliza mpaka yakaisha. Alijua angeweza kusema "Nitajaribu, Mzee," na kupata siku mbili tatu za kutafuta njia. Lakini ile mikono miwili iliyomshika langoni alikuwa bado anaihisi.

"Mzee, siwezi."

"Kwa nini? Unaona ni jambo baya?"

"Si baya. Ni kwamba... Mzee, mimi Jumamosi nilikuwa nije kwako Bangale. Na mjomba wangu."

"Karibu. Kufanya nini?"

"Kumposa Barwako."

Liban alifumba macho, kama mtu aliyekuwa akitarajia kipigo na kimefika. Mzee Godhana alimtazama Levis kwa muda mrefu, na hapakuwa na hasira usoni mwake. Hasira Levis angeijibu. Pale palikuwa na mshangao mtupu wa mtu mzima aliyegundua kwamba mlango aliobisha kuomba msaada haukuwa mlango wenyewe.

"Wewe si Muislamu," mzee alisema hatimaye.

"Nimeshazungumza na imamu wa hapa. Nitasilimu."

"Kwa sababu ya nini?"

Maneno yote aliyoyarudia kichwani wiki nzima yalikuwa yamemkimbia. Alibaki na moja tu. "Kwa sababu yake."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Mangi, mtu hapana ingia dini kama dukani, kuchukua kitu."

Mlango ulikuwa wazi. Hatua nyepesi zilisikika varandani, na Barwako akaingia akicheka, karatasi mkononi.

"Mwalimu Mangi, umepotelea wapi? Zakaria na Cynthia wanakungoja, na Cynthia ameanza kutetemeka kama..." Kicheko kikakatika. "Abba?"

Alimtazama baba yake, akamtazama Liban, kisha mtoto. Levis aliona uso wake ukipauka. Hakuuliza wamefuata nini. Mama yake alikuwa ameligusia jambo hilo kwenye simu mara moja, kwa kuzunguka, naye akajifanya hakusikia, wala hakuwahi kumwambia Levis.

Sauti ya Barwako ndiyo iliyomwamsha mtoto. Bishara aliinua kichwa begani kwa baba yake, nywele zimesimama upande mmoja, akamkodolea macho Barwako. Halafu akanyoosha mikono bila kutoa sauti. Barwako alimpokea, naye mtoto akauficha uso wake shingoni mwa mama mdogo wake, akashika mtandio kwa ngumi zote mbili.

Wakaanza kuzungumza Kiorma, baba na binti. Levis alielewa neno hapa na pale. Alisikia jina la Abdia likitajwa tena na tena. Sauti ya mzee haikupanda hata kidogo, ya Barwako ndiyo iliyokuwa ikipanda na kuvunjika, ikipanda na kuvunjika. Kisha ghafla akageukia Kiswahili.

"Nasema hivi ili naye asikie. Abba, mtu huyu nampenda. Sikukuficha kwa kukudharau. Nilikuwa nangoja aje mwenyewe nyumbani kwa heshima."

"Kupenda," mzee alisema. "Mimi sikatai unampenda. Macho ninayo. Mimi nauliza juu ya mtoto."

Levis alisogea mbele. Maisha yake yote ya ualimu alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba hakuna shida isiyo na upenyo kwa mtu anayetafuta, na sasa aliutafuta kwa nguvu zake zote.

"Mzee, mtoto aje akae hapa Garsen. Nasi. Nitamlea kama wangu, naapa."

Safari hii Liban ndiye aliyejibu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikika. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha mtu wa dukani.

"Ni mtoto wangu, Mwalimu. Nimemzika mama yake. Ukimchukua na yeye, mimi nirudi Bangale kufanya nini?"

"Basi uhamie hapa. Duka linaweza kufunguliwa hapa pia, Garsen kuna wateja, mimi nitakusaidia..."

"Na mama yake Barwako, asiyeona, tumwache na nani? Mimi ndiye ninayempelekea maji. Hana mtoto mwingine karibu."

"Tutafute mtu wa kumlea mtoto. Mama mzuri, wa kulipwa."

"Tulimleta msichana kutoka Chewele. Bishara alikuwa akijificha chini ya kitanda kila akimwona. Mwisho yule msichana mwenyewe alilia, akaomba kurudi kwao."

Levis alirudi nyuma, akaegemea meza.

"Mangi," mzee aliuliza kwa upole uleule, "mama yako yuko hai?"

"Yuko. Tarasaa."

"Umemwambia utasilimu. Amesema nini?"

"Hajasema kitu, Mzee."

"Levis," Barwako alinong'ona. "Sema kweli."

Levis alitazama sakafu. Mama yake alikuwa na mtoto mmoja tu, yeye, na kwaya ya kanisa, na shamba la mahindi ambalo mto ulikuwa ukilimeza na kulirudisha upendavyo.

"Tangu nimwambie, hasemi na mimi. Nikienda nyumbani ananipakulia chakula, ananiwekea mezani, halafu yeye anakwenda kula jikoni peke yake. Nikimwita, 'Mayo, njoo tule,' anasema ameshiba."

Mzee Godhana aliitikia kwa kichwa mara nyingi, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Unaona. Hata kwenu kuna mzee analia."

Kisha akamgeukia binti yake, akasema jambo ambalo Levis angelikumbuka maisha yake yote. Alilisema kwa Kiswahili, kwa makusudi, ili kila mtu mle ndani awe shahidi.

"Barwako, mimi sikulazimishi. Mimi si baba ya kufunga mtoto kamba. Ukisema hapana, sasa hivi nachukua fimbo yangu, narudi na Liban na Bishara. Hakuna mtu atakulaani. Nitaambia wazee, mimi nimeshindwa, si yeye amekataa. Aibu nabeba mimi. Umesikia?"

Machozi yalimtoka mzee, akayaacha yateremke mpaka kwenye ndevu bila kuyafuta.

"Abba," Barwako alisema, na sauti yake ilikuwa ya msichana mdogo. "Afadhali ungenipiga."

Aliomba dakika chache. Wakatoka varandani, yeye na Levis, mlango wakauacha wazi, na mtoto hakukubali kushuka mikononi mwake. Jua lilikuwa limeshapanda. Ng'ambo ya ua, vichaka vya mathenge vilikuwa vimetulia bila upepo, na mbuzi wawili wamelala kivulini mwa tangi la maji. Levis alitamani kitu chochote kitokee, gari lipinduke barabarani, mvua inyeshe, mtu apige kelele. Hakikutokea kitu.

"Sema neno moja tu," alimwambia. "Moja tu, Barwako, na nitapigana."

"Na nani?"

"Na yeyote."

"Nionyeshe adui nikusaidie kumpiga. Ni baba yangu? Umemwona mwenyewe. Ni Liban, ambaye mpaka leo hajaondoa nguo za dada yangu ukutani? Ni huyu?" Aliinua kidogo mkono uliomshika mtoto. "Nionyeshe, Levis."

"Wewe ndiye uliyewafundisha wale wote mle ndani kwamba mtu asiache kitu chake kwa sababu ya woga."

"Si woga."

"Ni nini basi?"

"Sijui. Sikukisoma popote." Alijaribu kucheka, akashindwa, akageuza uso. "Ukinishika mkono sasa hivi na kuniambia tuondoke, nitaondoka nawe. Nataka ulijue hilo. Nitapanda basi la Malindi na buibui hili hili. Halafu kila mtoto atakayelia popote nitakapokuwa, nitageuka kumtazama. Utaishi na mwanamke anayegeuka. Unamtaka huyo?"

"Namtaka hata huyo."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba usinishike."

Levis aliirudisha mikono yake nyuma, akaifunga mmoja kwa mwingine.

"Unampenda Liban?"

"Ni shemeji yangu. Nilipofaulu mtihani wa sekondari, yeye ndiye aliyezunguka na mzee nyumba kwa nyumba akiwashawishi watu waniruhusu nisome mbali. Ni mtu mwema, Levis. Hapo ndipo pabaya. Angekuwa katili ningekimbia kabla hujaniambia."

"Nami nifanye nini?" Hakuwa amekusudia kuuliza hivyo, swali lilimtoka lenyewe, kavu. "Niambie basi cha kufanya. Kesho niamke, nifanye nini?"

Mtoto alikuwa amegeuza kichwa na sasa anamkodolea Levis jicho moja, lile lingine limefichwa kwenye mtandio. Lilikuwa jicho kubwa, la kahawia, la ukoo ule ule. Levis alijaribu kulichukia, akashindwa hata hilo.

Liban alitokea mlangoni, akasimama mbali kidogo, kama mtu aliyeingia chumba cha msiba wa wengine.

"Nisameheni. Dereva anasema tukichelewa hapa hatutafika Hola mapema, na njia ya mbele si nzuri." Alisita. "Mwalimu Mangi, mimi sikuomba haya. Nilimwambia mzee nitakaa hivi hivi, na mke wangu moyoni. Mtoto ndiye aliyenishinda. Kama kuna njia ambayo sisi hatukuiona, niambie. Wewe umesoma. Niambie hapa, nami nitamshika mzee mkono turudi nyumbani, na sitakuwa na kinyongo."

Alikuwa akimaanisha. Alisimama pale akingoja kweli kweli, macho yake mekundu yamemkazia Levis, na ndani yake kulikuwa na tumaini dogo, kwamba huenda mtu huyu mwenye shahada anajua jambo. Barwako naye alikuwa anangoja. Levis alipekua kila kona ya akili yake. Kila alichokiinua kilikuwa na mtu chini yake, kipofu, mgane, mtoto, mama anayekula jikoni peke yake.

"Sina," alisema.

Liban aliinamisha kichwa. "Basi," akasema kwa huzuni, akarudi ndani.

"Nitakwenda nao leo," Barwako alisema haraka, kana kwamba neno likikawia litamrudia kooni. "Nikingoja Jumamosi sitakwenda kabisa, najijua. Nguo zangu mwenye nyumba atanitumia. Mkuu wa idara nitampigia njiani." Akapumua. "Wanafunzi waliobaki uwamalize wewe. Zakaria atajitia anajua kila kitu, mbane kidogo. Lakini Cynthia usimkatize akianza kuzungumza. Ukimkatiza anasahau yote na kulia. Mwache afike mwisho, hata kama anakosea."

"Barwako."

"Na alama za mtihani wa nadharia ziko kwenye droo yangu, nimeshasahihisha."

"Barwako, usinizungumzie alama."

"Nizungumze nini?" Sasa alikuwa analia waziwazi, na mtoto, akishangaa, alimgusa shavu lililolowa kwa kidole kimoja, kisha akakitazama kile kidole. "Nikizungumza lile lingine sitapanda gari. Niache nizungumzie alama."

Basi akamwacha. Alizungumza juu ya mitihani, juu ya ufunguo wa kabati, juu ya kiti cha ofisini chenye mguu mbovu kinachotaka kutengenezwa, na Levis aliitikia kila neno, "Ndiyo. Sawa. Nimesikia," wakati macho yao yalikuwa yakisema mengine kabisa. Maneno yalipomwishia, alimpandisha mtoto begani.

"Mama yako," akasema. "Nenda Tarasaa, Levis. Mwambie ale nawe mezani. Sasa hana sababu ya kukaa jikoni."

Hilo ndilo lililomvunja. Aligeukia ukuta, akaegemeza paji la uso kwenye saruji yenye joto, akasikia sauti ikimtoka ambayo hakuijua kuwa ni yake. Alipogeuka tena, Barwako alikuwa amemnyooshea mkono wa kulia, huku amembeba mtoto kwa wa kushoto. Aliupokea. Ulikuwa mdogo kuliko alivyowazia, mkavu, una chaki kwenye vidole.

Ndani ya ofisi Mzee Godhana aliwaona, akayapeleka macho yake upande mwingine.

"Kwaheri, Mwalimu Mangi," Barwako alisema.

Mwalimu Mangi lilikuwa jina la mbele za watu. Pale varandani walikuwa wao wawili, na mtoto asiyejua maneno. Levis alielewa kwamba ameshaanza kuondoka.

Mzee alipopita alimwekea mkono begani, akataka kusema kitu, akakikosa kwa Kiswahili, akakisema kwa Kiorma. Levis hakukielewa, wala hakuuliza. Aliwatazama wakivuka ua kuelekea kwenye pikapu iliyoegeshwa nje ya lango, mzee mbele na fimbo yake, Liban amebeba mkoba wa Barwako, Barwako nyuma na mtoto. Alingoja ageuke. Hakugeuka. Alipanda, akamkalisha mtoto magotini, na Liban akamfungia mlango kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu cha mtu mwingine.

Kisha hapakuwa na jambo lingine la kufanya ila kurudi ukumbini.

Wanafunzi walikuwa wakipiga soga, wengine wameinamia simu. Walipomwona walinyamaza. Zakaria na Cynthia walikuwa wamesimama mbele tayari, meza yao imepangwa vikombe vya mtindi na kitambaa cheupe, Zakaria amefunga tai.

"Sir, Madamu yuko wapi?" Zakaria aliuliza.

"Amepata safari ya ghafla. Ya nyumbani."

"Tumngoje?"

Levis alikaa kwenye kiti chake. Kilichokuwa kando yake kilikuwa kitupu, na kalamu ya Barwako ilikuwa imelala wazi juu ya meza, bila kifuniko.

"Hapana," alisema. "Msingoje. Anzeni."

Cynthia alivuta pumzi, akaanza. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia. Alieleza wanakonunua maziwa, jinsi joto la Garsen linavyoyaharibu kabla ya adhuhuri, jinsi walivyopata hasara mwanzoni na kutaka kuacha, na jinsi walivyojifunza kugandisha mapema na kuwafuata wateja waliko. Nje, injini ya pikapu iliwaka, ikasita, ikawaka tena. Levis aliisikia ikirudi nyuma, ikigeuka, ikishika barabara ya Hola. Hakumkatiza Cynthia. Hakusogeza hata kidole. Aliisikiliza ile sauti ikipungua mpaka hakuweza kuitenganisha na mlio wa feni.

Cynthia alifika mwisho bila kusahau neno hata moja. Darasa likampigia makofi, naye akatabasamu kwa fahari, akamgeukia mwalimu kungoja maswali.

Makofi yaliisha. Darasa lilingoja. Levis alitafuta swali, lolote, la bei, la wateja, la chochote, na kila mtu mle ukumbini alikuwa sasa anamtazama usoni.

"Sir," Cynthia aliuliza kwa wasiwasi, "kuna mahali nimekosea? Nirudie?"

"Rudia," alisema. "Rudia yote, Cynthia. Polepole."

Cynthia alitazamana na Zakaria, akaweka sawa vikombe mezani, akaanza upya.